Pima soketi jiko likiwa linawaka

Mama mmoja muuza chapati kule Chanika alikuwa ameshabadilisha koili ya jiko mara mbili, na jiko bado lilikuwa zito kama nini. Fundi aliyenitangulia alichomeka multimita, kile kipimo cha volti na ohmu, kwenye soketi ya kibandani, akasoma volti 220, akatoa hukumu: umeme upo, koili imechoka. Akamuuzia koili. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo.

Simcheki, kwa sababu nami nilishalifanya kosa hilo nikiwa bado mwanafunzi wa kubeba ngazi. Alipima jiko likiwa limezimwa.

Nilipofika nikamwomba mama aliwashe. "Mwanangu, si umeshaambiwa halishiki moto?" Nikamwambia shikamoo kwanza, halafu naomba uliwashe hivyo hivyo. Nikavisha klampu mita, kipimo cha mdomo unaokumbatia waya na kusoma ampea, kwenye waya mmoja wa jiko. Sisitizo hapa ni mmoja: ukikumbatia laini (waya wa kupeleka umeme) na nyutro (wa kurudisha) kwa pamoja utasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Ikasoma ampea 6.8. Papo hapo nikapima soketi: volti 181.

Hesabu yenyewe ni ya kuandika kwenye kiganja. Ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo, ni volti kugawa kwa ampea: 181 ÷ 6.8 = ohmu 26.6. Nguvu ni volti mara ampea: 181 × 6.8 = wati 1,231.

Sasa geuza jiko usome kibandiko: wati 2000, volti 230. Jiko la namna hiyo linatakiwa kuvuta ampea 8.7, yaani ukinzani wa ohmu 26.4 hivi. Kumbe koili ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni volti, na volti zikipungua nguvu inaanguka kwa kasi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ampea nazo zinapungua pamoja nazo. Volti 181 ni kama asilimia 79 ya 230, lakini wati zimebaki asilimia 62 tu.

Nikaenda kwenye mita ya LUKU, jiko bado linawaka. Volti 212. Kati ya mita na kibanda zimepotea volti 31! Gawa kwa ampea 6.8 zile zile, unapata ohmu 4.6 ndani ya waya. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 40 kwenda na 40 kurudi. Shaba ya unene huo ina ohmu 12.1 kwa kilomita, kwa hiyo mita 80 zilipaswa kuwa na ohmu moja tu, si zaidi. Ohmu 3.6 zilikuwa zimejificha mahali.

Zilikuwa nyuma ya choo, kwenye kiungo cha kusokota kwa mkono na kufungwa tepu. Tepu imeyeyuka, shaba ndani imekuwa nyeusi. Nguvu inayopotea pale ni ampea mara ampea mara ohmu: 6.8 × 6.8 × 3.6, karibu wati 166, kwenye kitu kinacholingana na kidole gumba. Na kwa vile kiko upande wa ndani wa mita, mama alikuwa anailipia. Jiko likiwaka saa tano kwa siku, ni kama uniti 25 kwa mwezi za kupasha moto ukuta wa choo.

Ndiyo maana soketi ilionyesha 220 jiko lilipozimwa. Bila mkondo, kiungo kibovu hakili volti hata moja; ampea zikianza kupita ndipo kinapokula. Georg Ohm mwenyewe, yule Mjerumani ambaye ohmu imepewa jina lake, alisumbuliwa na jambo la aina hii miaka ya 1820 akiwa mwalimu kule Köln. Betri za wakati ule zilikuwa hazitulii, volti zikicheza mkondo unapopita. Akaziacha, akaunganisha metali mbili, bismathi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, apate chanzo kisichoyumba. Kitabu chake kikatoka 1827. Sisi wa Chanika hatuna barafu ya kuchezea, basi tunapima volti na ampea kwa wakati mmoja.

Njia hii ni ya vitu vya joto: jiko, pasi, hita. Friji na feni zina mota, na ukizidisha volti kwa ampea hapo utapata namba kubwa kuliko wati halisi. Balbu ya zamani ya wati 100 nayo ina vituko vyake: ikiwaka ina ohmu 529, lakini ukiipima ikiwa baridi utasoma makumi machache tu, kwa sababu waya wake hubadilika sana ukipata moto. Koili ya jiko haina vituko hivyo.

Nikakata kiungo, nikafunga konekta ya skrubu ndani ya kiboksi. Jiko likavuta ampea 7.6 kwa volti 203, wati 1,543. Mama akaingia ndani, akatoka na zile koili mbili alizotolewa, kazifunga kwenye gazeti. Nikazipima: ohmu 26.4 na 26.9.