Presha ya oili iko juu? Usimsikilize dalali kwanza

Madalali wa magari hapa Mombasa wana wimbo mmoja. Wakikuwashia Land Cruiser pikapu ya zamani au Patrol, hukuonyesha sindano ya oili iliyosimama karibu na mwisho, kisha wakwambie: "Umeona presha? Injini hii bado ngumu." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sindano ikiwa juu asubuhi, injini baridi, sina neno. Ikiwa bado iko palepale baada ya gari kutoka Nyali hadi Changamwe, hapo ndipo naanza kuuliza maswali.

Presha si wingi wa oili inayofika kwenye beringi. Pampu inasukuma, njia zinabana, na kule kubanwa ndiko geji inakokusoma. Ziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: maji yatatoka kwa nguvu, lakini ndoo itachelewa kujaa. Injini nyingi zikishapata moto husoma psi (kipimo cha presha) 10 hadi 30 bila kukanyagwa, na 40 hadi 65 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kikomo hasa ni kile cha kitabu cha injini yenyewe, ila ikivuka 80 ilhali ni moto, kuna jambo. Wenye Probox na Vitz hawatayaona haya kabisa, maana gari lina taa tu, na taa ile huwaka presha ikishuka mno. Ikizidi, haisemi kitu.

Kwanza hakikisha presha kweli iko juu, si geji inayodanganya. Washa swichi bila kupiga stata. Sindano inatakiwa ilale chini. Ikipanda ilhali injini haizunguki, tatizo ni la umeme: senda, yaani kile kifaa kwenye injini kinachoipa geji habari za presha, imekufa, waya umechubuka ukagusa bodi, au mtu alifunga senda ya gari jingine ilimradi imeingia. Hewa yetu ya chumvi hula viungo vya waya, kwa hivyo kagua na athi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi.

Hata sindano ikilala, geji ya dashibodi bado siiamini. Nafungua senda kwenye bloku na kufunga geji ya mkono, halafu nasoma injini ikiwa moto. Hapa pana mtego. Tundu la senda la Toyota na Nissan nyingi lina thredi 28 kwa inchi, na geji nyingi za bei rahisi huja na kiungo cha Kimarekani chenye thredi 27. Vitashikana mizunguko miwili mitatu, utadhani vimekubaliana. Ukija kukaza kwa spana, ama unaharibu tundu ama oili inavuja hadi kwenye ekzosi ya moto. Tafuta adapta.

Geji zote mbili zikisema neno moja, mshukiwa wa kwanza ni oili. Kuna imani sugu huku kwetu kwamba joto la Pwani linataka oili nzito, basi kila injini inamiminiwa 20W-50. Ziko injini za zamani ambazo kitabu chake kinaikubali, sizisemi hizo. Lakini thamostati huyaweka maji ya injini kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, uwe kwenye foleni ya feri Likoni wakati wa kaskazi au uwe Limuru kwenye ukungu. Namba yenye W ni ya baridi, na baridi hatuna. Ya kutazama ni ile ya nyuma. Kwenye nyuzi 100, mnato wa oili ya 30 ni kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5, na ya 50 huanzia 16.3 hadi karibu 22. Itie 50 kwenye injini iliyotengenezwa kwa 0W-20, kisha ushangae presha!

Kwenye gari la kuuzwa, oili nzito mara nyingi haikutiwa kwa ujinga. Beringi za kranki zikilika, presha hushuka. Oili nzito na chupa ya dawa ya kuizidishia uzito huipandisha sindano, hasa kabla injini haijapata moto sawasawa, na dalali hakuachii muda huo. Ndiyo maana namwambia mnunuzi akubali gharama ya oili na filta: tumwage, tutie ya uzito wa kitabuni, tupime tena. Presha ikirudi mahali pake, vyema. Ikiporomoka na mgongano mzito ukaanza kusikika chini, ulikuwa unauziwa injini iliyokwisha.

Oili ikiwa sahihi na presha bado juu, naenda kwenye valvu ya kupunguzia presha. Ni pistoni ndogo yenye springi, aghalabu ndani ya pampu ya oili. Presha ikifika kiwango, inafunguka na oili ya ziada inarudi. Ikikwama imefungwa, presha hupanda pamoja na mizunguko bila kutua. Tazama filta pia: ikivimba kitako, au raba yake ikasukumwa nje ya ukingo, usikimbilie kusema ni feki, kwa sababu utafunga mpya nayo itavimba. Itoe pistoni, isafishe, ipake oili, iachie kwenye tundu lake. Inatakiwa iteleze kwa uzito wake yenyewe. Angalia na nyuma ya springi, maana kuna mafundi hutia washa pale ili presha ipande.

Baadhi ya injini za kisasa zina pampu ya hatua mbili inayoongozwa kwa umeme. Umeme ukikatika, pampu hubaki kwenye hatua ya juu. Hiyo ni kazi ya mashine ya kusomea kompyuta.

Baya zaidi ni njia kuziba mbele ya senda. Geji inasoma juu, lakini hedi, sehemu ya juu ya injini, ina kiu ya oili. Tapeti zinagonga, na ukifungua kifuniko cha oili huoni hata unyevu kwenye kamshafti. Mara nyingi ni injini iliyowahi kufunguliwa: silikoni ilipakwa kupita kiasi ikakatikia ndani, au gasketi ya hedi ilifungwa vibaya ikafunika tundu la oili. Ukikuta hivyo, zima palepale. Usilipandishe mlima wa Mazeras kwenda kwa fundi unayemwamini. Ita brekdauni, bei yake haifiki hata robo ya hedi na kamshafti.