Je, wajua kwa nini Kilimanjaro hupandwa pole pole?

Ukipishana na wapagazi njia ya Marangu, neno utakalolisikia kuliko yote ni "pole pole". Mgeni hudhani anahurumiwa miguu. Kumbe zinazosubiriwa ni figo zake.

Watu husema kileleni hakuna oksijeni. Ipo, tena ni asilimia 21 ya hewa, sawa na ufukweni Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: pale Uhuru, mita 5,895, umebaki kama nusu tu. Pumzi ileile uliyozoea kuvuta, basi, inakuletea nusu ya mzigo.

Mwili hujibu kwa kuhema, moyo nao ukienda mbio. Hapo ndipo mambo yanapoingiliana. Ukihema sana unaitoa hewa ya ukaa kwa wingi, na hewa hiyo ndiyo inayoipa damu uchachu wake. Ikipungua, damu inaelekea upande wa magadi. Na ubongo, ambao kwa kawaida huipima hewa hiyohiyo ndipo uamue uvute pumzi, unaona hakuna haraka.

Lala chumba kimoja na mwenzako pale Horombo, kituo cha kulala njiani, mita 3,720, utamsikia: anavuta pumzi ndefu, nyingine ndefu zaidi, halafu kimya. Unajiinua kumtazama, naye anashtuka na kuhema kama aliyeibuka majini. Hana neno. Hewa ya ukaa ilikuwa haijajaa kiasi cha kumwamsha.

Wa kuituliza vurugu hii ni figo, zinazoyachuja "magadi" ya ziada na kuyatoa kwa mkojo. Ndiyo maana watu hutoka usiku mara tatu kwenye baridi ile, wakiilaumu chai (nayo ina sehemu yake). Figo huanza kazi ndani ya saa chache, ila kuikamilisha ni siku kadhaa. Hizohizo hutoa homoni ya kuagiza chembe nyekundu mpya za damu, lakini hizo hutaka wiki, na safari ni siku tano hadi nane. Zitakukuta umesharudi nyumbani.

Anayekimbilia juu huweza kuvujiwa na maji mapafuni au ubongoni. Anakohoa mapovu, au anapepesuka kama mlevi na mbege hajaigusa. Huyo hasubiri kupambazuke; anateremshwa usiku huohuo.