Topedo Haipenyi: Maana Halisi ya Kinga ya Topedo

Katika vijiwe vya kahawa vya Ujiji na Mwanga, na hata kule Kibirizi ambako abiria husubiri boti za kwenda vijiji vya mwambao, ipo kauli kuhusu MV Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kauli iliyozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena. Husemwa kwamba Wajerumani waliiunda kwa ajili ya vita, kwamba mabamba yake ni mazito kuliko ya meli za siku hizi, na kwamba kwa sababu hiyo ina kinga ya topedo, yaani bomu linalosafiri majini kuipiga meli, maana topedo isingeweza kupenya chuma cha namna ile. Kwamba meli hiyo ilitumika vitani ni kweli, na hakuna haja ya kulibishania. Hilo la kinga, hata hivyo, limebeba makosa mawili, na linalonikera zaidi si lile linalohusu Liemba, bali lile dogo lililojificha katika kitenzi: kupenya. Watu wenye elimu nzuri ya historia hulirudia, na kila linaporudiwa dhana nzima hupinda.

Kwa ufupi, kinga ya topedo ni mpangilio wa vyumba vilivyojengwa ubavuni mwa manowari, chini ya usawa wa maji, ili topedo inapolipuka nje ya meli nguvu ya mlipuko imalizikie humo kabla haijafika kwenye injini na maghala ya baruti. Vyumba hivyo vinaweza kuwa ndani ya umbo la meli tangu ilipobuniwa, au vikaongezwa nje baadaye kama uvimbe mrefu unaoambaa na ubavu. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kazi iliyobaki ni kuitenganisha na deraya, yaani yale mabamba manene ya chuma kigumu ambayo wengi huyafikiria mara tu wasikiapo neno kinga.

Deraya ni jibu la kombora la mzinga. Kombora la mzinga wa inchi 15 wa manowari za Uingereza lilikuwa na uzito wa kilo 879, na lilitoka mdomoni mwa mzinga kwa mwendo wa mita 750 hivi kwa sekunde. Kombora kama hilo hutegemea uzito na kasi yake kutoboa ubavu kwanza, kisha kulipuka likiwa ndani, na baruti iliyomo ni sehemu ndogo tu ya uzito wake. Hapa kitenzi kupenya kinastahili kabisa, na hapa unene na ugumu wa chuma ndivyo vinavyoamua. Ndiyo maana Bismarck ya Wajerumani ilivishwa deraya ya milimita 320 ubavuni, na Yamato ya Wajapani milimita 410.

Topedo haifanyi kazi kwa njia hiyo hata kidogo. Husafiri majini kwa mwendo ambao, hata kwa zile za kasi sana za Vita Kuu ya Pili, haukuzidi sana mita 25 kwa sekunde. Na kwa mwendo huo hakuna chuma cha maana inachoweza kukitoboa. Wala haikukusudiwa kutoboa. Inabeba baruti nyingi, kilo 280 kwa topedo ya kawaida ya nyambizi za Ujerumani na kilo 490 kwa ile ya Wajapani iliyoitwa Aina ya 93, nayo hulipuka pale pale inapogusa ubavu, ikiwa bado nje. Tena hulipuka ndani ya maji, na maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, kwa hiyo mshindo wote unaoelekea nje hupata kizuizi, na kile kilicho rahisi kusogea ni ubavu wa meli. Matokeo yake ni mpasuko wa mita nyingi, vipande vya bamba la nje vinavyorushwa ndani, na gesi ya moto inayotafuta pa kutanukia. Kumwambia mtu kwamba topedo haiwezi kupenya chuma fulani ni kumpa jibu sahihi la swali ambalo topedo haikuliuliza.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba silaha ya mjenzi wa meli dhidi ya topedo si unene bali ni nafasi. Anachohitaji ni umbali kati ya mahali baruti inapolipukia na mahali ambapo maji yakiingia meli imekwisha, na ndani ya umbali huo anahitaji vitu vinavyokubali kusogea, kupinda na kupoteza nguvu. Golikipa hodari anapodaka shuti kali hufanya jambo lilelile: huupokea mpira huku mikono na kifua vikirudi nyuma, kwa kuwa akikaza mwili mpira utamponyoka.

Manowari ya Marekani iliyoitwa Tennessee, iliyoingia kazini mwaka 1920, ni mfano safi wa fikra hiyo. Kila ubavu wake chini ya maji ulikuwa na vyumba vitano vilivyofuatana: cha nje kitupu, vitatu vya katikati vimejazwa mafuta au maji, na cha ndani kitupu tena. Chumba cha nje huipa gesi ya mlipuko mahali pa kutanukia, hivyo ghadhabu yake ikapungua. Vyumba vya mafuta hufanya kazi mbili ambazo chuma peke yake kisingeziweza: huvipunguza kasi vipande vinavyorushwa hadi vikapoa, na huusambaza mgandamizo uliokusanyika mahali pamoja ukawa juu ya ukuta mpana. Chumba cha ndani ni cha tahadhari. Ukuta wa mwisho ukibonyea una mahali pa kubonyelea, na ukivuja, uvujaji huishia humo. Kuta zenyewe zilikuwa nyembamba mno ukizilinganisha na deraya ya meli hiyohiyo, iliyokuwa na unene wa milimita 343 katika mkanda mkuu, na zilitengenezwa kwa chuma laini kinachonyumbulika kabla ya kupasuka. Wahandisi walijua walichokuwa wakifanya walipochagua wembamba.

Upande wa pili wa hoja hiyo ulioneshwa na Yamato, na mtu anayependa chuma kinene angefanya vyema kuutafakari. Wajapani waliteremsha mkanda wa deraya hadi chini sana ndani ya maji, kwa sababu walitaka pia kuzuia makombora yanayotua majini na kuendelea mbele hadi ubavuni. Tarehe 25 Desemba 1943 nyambizi ya Marekani, Skate, iliipiga meli hiyo kwa topedo karibu na mzinga mkuu wa nyuma. Deraya haikutobolewa. Ilisukumwa ndani ikiwa nzima, kiungo cha mkanda wa juu na wa chini kikaachia, ukuta wa nyuma yake ukachanika, na tani 3,000 hivi za maji zikaingia katika meli iliyokuwa na deraya nzito kuliko manowari yoyote iliyopata kuelea. Bamba lile gumu, badala ya kuwa ngao, liligeuka nyundo.

Kabla ya vyumba hivi kulikuwa na nyavu, nazo nazitaja kwa upesi. Kuanzia miaka ya 1870 manowari zilibeba nyavu za pete za chuma zilizoning'inizwa kwenye milingoti iliyotokeza ubavuni, ili topedo inaswe mbali na meli. Zilifaa meli ikiwa imetia nanga tu, kwa kuwa ikitembea nazo hukokota maji, na waunda topedo walijibu kwa kuweka vikata nyavu puani. Tarehe 25 Mei 1915, karibu na Gallipoli huko Uturuki, manowari ya Uingereza Triumph ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani U-21 nyavu zikiwa zimeshushwa.

Wakati huo Waingereza walikuwa tayari wametikiswa na tukio la tarehe 22 Septemba 1914, ambapo nyambizi moja, U-9, ilizizamisha manowari Aboukir, Hogue na Cressy asubuhi moja na kuua watu zaidi ya 1,400. Chini ya Eustace Tennyson d'Eyncourt, aliyekuwa msimamizi wa ubunifu wa meli za kivita za nchi hiyo, manowari nne za zamani za aina ya Edgar ziliongezewa uvimbe pande zote mbili. Zilionekana kama punda aliyepakizwa matenga na zilipoteza sehemu ya mwendo wao, lakini Grafton ilipopigwa topedo mwaka 1917, na Edgar mwaka 1918, zote mbili zilifika bandarini. Meli ya mizinga Terror ilitoa ushahidi ulio wazi zaidi mnamo Oktoba 1917, ilipopigwa topedo tatu usiku mmoja: mbili zilipiga omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, mbele ya pale uvimbe ulipoishia, zikaisambaratisha, ya tatu iliupiga uvimbe wenyewe, na madhara yake yakawa madogo.

Tarehe hizi zinaigusa Kigoma moja kwa moja, kwa maana Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ilishushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915, katika kipindi kilekile ambacho dhana ya uvimbe ilikuwa ndiyo kwanza inajaribiwa Ulaya. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kama meli ya abiria na mizigo, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku, na mzinga iliofungwa ulitoka kwenye manowari Königsberg. Boti za Waingereza zilizokuja kupigana ziwani, Mimi na Toutou, zilibeba mzinga mdogo na bombomu (bunduki ya rasharasha), hazikubeba topedo. Nayo Götzen haikuzamishwa na adui: mabaharia wake wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya mitambo kupakwa grisi, na ndiyo sababu iliweza kuinuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927.

Hata hivyo, hoja inayomaliza mjadala si ya historia bali ya futi kamba. Kinga ya kweli ya topedo katika manowari kubwa za Vita Kuu ya Pili ilichukua upana wa kati ya mita 4 na 7 kila ubavu. Upana wote wa Liemba ni mita 10 hivi. Ukiipa meli hiyo kinga ya kutosha kushoto na kulia, hakibaki chumba cha injini wala daraja la tatu. Kwa sababu hiyohiyo manowari ndogo zenye mwendo wa kasi hazikuwahi kupewa kinga hii popote duniani, zilitegemea kukwepa.

Kuna kosa la jirani, ambalo husikika zaidi bandarini kuliko vijiweni: kwamba meli ya mafuta yenye ubavu wa tabaka mbili nayo ina kinga ya topedo. Tabaka hizo zililetwa na sheria za kimataifa za mwaka 1992, baada ya meli Exxon Valdez kupanda mwamba huko Alaska mwezi Machi 1989, na lengo lake ni kuzuia mafuta yasimwagike meli inapogongwa au inapokwama. Nafasi kati ya tabaka hizo ni mita 2 hivi kwa meli kubwa. Inatosha kwa mwamba, lakini kwa baruti ya kilo mia tatu haitoshi.

Wala kinga hii, hata ilipojengwa vizuri, haikufunika meli nzima. Iliishia pale ubavu unapoanza kubanana kuelekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, kwa kuwa huko upana haupo. Bismarck iliharibiwa usukani kwa topedo ya ndege tarehe 26 Mei 1941 ikabaki inazunguka. Prince of Wales ya Uingereza, tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, ilipigwa karibu na shafti ya rafadha, yaani pangaboi linalosukuma meli, na shafti iliyopinda iliendelea kuzunguka huku ikichana kuta ilizopita, maji yakaifuata hadi vyumba vya mitambo. Royal Oak, nayo ya Uingereza, ilikuwa na uvimbe ubavuni, na bado nyambizi ya Ujerumani U-47 iliizamisha mwaka 1939 ikiwa imetia nanga katika kituo cha manowari cha Scapa Flow.

Mifano kama hiyo ndiyo huwafanya wengine waseme kwamba uvimbe ulikuwa upuuzi, na kwamba ndiyo maana meli za leo zimeachwa bila kinga. Hapo ningeomba masahihisho kidogo. Topedo nzito ya kisasa haigongi ubavu. Hulipuka chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, bila kuigusa meli, na povu kubwa la gesi huinyanyua meli katikati, kisha huiacha bila maji ya kuiegemeza, uti wake ukavunjika. Ndivyo ilivyokatika vipande viwili Torrens, manowari iliyostaafishwa ya Australia, ilipolengwa na nyambizi ya nchi yake katika jaribio la Juni 1999. Vyumba vya ubavuni havina la kufanya dhidi ya pigo la chini, kwa hiyo fedha na uzito vimehamishiwa kwenye kusikia nyambizi mapema, kwenye vyambo vya sauti vinavyokokotwa nyuma ya meli ili kuipoteza topedo, na kwenye kuigawa meli katika vyumba vingi visivyopitisha maji. Huku meli kubwa zinazobeba ndege, ambazo upana zinao, zikiendelea kujengewa vyumba vya ubavuni. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba kinga ya topedo imebadilishwa mahali, kuliko kusema kwamba imeachwa.