Imesimbwa, lakini ufunguo anao nani?

Wiki iliyopita katibu wa kikundi chetu cha akiba hapa Kampala alitutumia kiungo cha Google Drive, ndani yake mna orodha ya wanachama, namba za vitambulisho vya taifa na hisa za kila mmoja. Mzee mmoja akauliza kama ni salama. Jibu likaja upesi: "Usijali mzee, imesimbwa." Mzee akanyamaza. Mimi nimeshindwa, maana neno hilo sasa linavaliwa kama hirizi.

Usimbaji fiche ni kuyavuruga maandishi kwa hesabu maalumu hadi yasisomeke bila ufunguo, yaani namba ndefu ya siri. Basi, maana yake ni hiyo tu.

Jina ndilo lenye mambo. "Fiche" imetokana na kuficha, hilo halina ubishi. Wapo wanaosema "kufumba" badala ya kusimba, na moyo wangu uko kwao, kwa sababu wahenga walishatangulia: mfumbie mjinga fumbo, mwerevu atang'amua. Methali hiyo ina watu wawili, anayeachwa gizani na anayeng'amua. Ukisema "limefumbwa" ukaishia hapo, hujasema limefumbwa dhidi ya nani. Hata Waingereza, neno lao la maandishi ya siri lilitoka kwa Waarabu: sifr, yaani tupu. Kwetu likawa sifuri. Kwao lilipitia Kilatini, likawa tarakimu, mwishowe likawa siri. Kwa hiyo anayejivunia faili lililosimbwa asijue ufunguo uko wapi huenda anajivunia sifuri.

Maana karibu kila huduma ya kuhifadhi au kutuma faili husimba. Google Drive, Dropbox na WeTransfer husimba faili likiwa njiani, kisha husimba tena likihifadhiwa kwenye mashine zao. Mdukuzi anayenyemelea Wi-Fi ya mgahawani ataambulia patupu. Lakini kwa kawaida ufunguo unabaki kwa kampuni. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho ni jambo jingine: faili linafungwa kwenye simu yako, linafunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na anayelibeba katikati hana cha kulifungulia. Proton Drive na Tresorit zimejengwa hivyo. WhatsApp nayo, kwa watumiaji wote, tangu 2016, ingawa nakala rudufu za mazungumzo zilipata kinga hiyo 2021 tu, tena mpaka uiwashe mwenyewe. Telegram, ambayo vijana huiapia, haifanyi hivyo kwenye mazungumzo ya kawaida. Ina mazungumzo ya siri ya watu wawili. Kwa kundi, hakuna.

Sisi wa vikundi vya akiba ndio hasa tusingepaswa kudanganyika. Sanduku letu la chuma lina makufuli matatu, na funguo wanazo wanachama watatu tofauti. Sanduku lenyewe hulala kwa mweka hazina, ambaye hana hata ufunguo mmoja. Huo ndio usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, na mama zetu wameuendesha miaka mingi bila kompyuta. Google Drive ni mweka hazina mwenye geti, mlinzi na mbwa mkali, ila funguo zote tatu ziko mfukoni mwake. Pengine hatalifungua kamwe. Amri ya mahakama ikimfikia, anaweza.

Na hata ufunguo ukiwa wako, unaweza kuugawa bila kujua. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walikuwa na huduma ya kutumiana faili, Firefox Send, iliyozinduliwa 2019 na kufungwa 2020 baada ya wahalifu kuitumia kusambaza programu hasidi. Ufunguo ulikaa ndani ya kiungo chenyewe, baada ya alama ya #, sehemu ambayo kivinjari hakiipeleki kwa seva. Ufundi mzuri kabisa! Ila ukikitupa kiungo hicho kwenye kundi la watu 60, umechonga funguo 60.

Sisemi katibu wetu alichagua vibaya. Kwa orodha yetu Google Drive yatosha. Siku nyingine tu, nnyabo katibu (ndiyo "bibi" ya Kiganda), mwambie mzee: "Imesimbwa njiani na ghalani, ufunguo wanao wenye ghala." Ni maneno mengi, lakini ni kweli. Halafu kiungo ukifunge kwa majina yetu tu, kwa sababu hadi naandika hapa kinafunguka kwa yeyote atakayekipata.