Kabla Hujailaumu Seva, Fungua Network

Tovuti inapokorofisha, mafundi wengi hukimbilia msimbo wa seva. Mimi huanzia kwenye kivinjari, kwa sababu pale ndipo unapoona kilichotumwa hasa, si kile unachodhani kimetumwa.

Bonyeza F12 kwenye kivinjari ili zana za wasanidi zifunguke, ingia Network (orodha ya kila kinachotumwa na kupokelewa), chuja kwa Fetch/XHR (maombi ya data yanayotumwa na msimbo wa ukurasa) ili picha na fonti zikae kando, kisha rudia kitendo kinachosumbua. Kama ukurasa unahama baada ya kutuma fomu, weka tiki kwenye Preserve log, la sivyo orodha itafutika kabla hujaisoma.

Chukua mfano wa nyumba moja ya wageni ya Shela, hapa Lamu. Mgeni akichagua kuingia tarehe 12 Agosti, mfumo ulikuwa unaandika 11. Hifadhidata ilishapekuliwa, haikuwa na neno. Nikalibofya ombi, nikafungua Payload (data iliyobebwa na ombi), na jibu lilikuwa limekaa palepale: "2025-08-11T21:00:00.000Z". Kalenda ya ukurasa ilichukua saa sita usiku ya Lamu, kisha toISOString, amri ya JavaScript, ikaigeuza kuwa UTC, saa ya rejea ya kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo tarehe 12 inapoingia kwetu, kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya tarehe 11. Seva iliandika sawasawa na ilivyopewa. Dawa ni kutuma tarehe tupu, "2025-08-12", bila saa. Mtu akiujaribu ukurasa huohuo akiwa Accra haoni kasoro yoyote, maana Ghana inafuata UTC mwaka mzima. Ndiyo maana siridhiki na "kwangu inafanya kazi" mpaka nione Payload ya yule anayelalamika.

Namba za majibu ni rahisi: 401 seva haijakutambua, 403 imekutambua ila haikuruhusu. Kinachochosha watu zaidi ni CORS, kanuni inayoamua kama ukurasa wa tovuti moja unaruhusiwa kusoma majibu ya seva ya tovuti nyingine. Tafuta ombi la OPTIONS lililotangulia, ambalo kivinjari hutuma kuomba ruhusa kwanza, usome vichwa vya jibu lake, yaani maelezo yanayoambatana nalo. Access-Control-Allow-Origin ikikosekana, usihangaike na ukurasa. Kazi iko upande wa seva. Wala usidanganyike ukiona curl (programu ya kutuma maombi bila kivinjari) inapita bila shida: anayesimamia CORS ni kivinjari, curl haina habari nayo.

Jambo linalonitia wasiwasi kweli ni faili za HAR (rekodi ya maombi na majibu yaliyomo kwenye Network) zinazorushwa ovyo kwenye makundi ya WhatsApp kuomba msaada. Faili hiyo inaweza kubeba vidakuzi na tokeni zinazokutambulisha kwa seva, na atakayeipata ataweza kuingia kama wewe. Chrome za karibuni huondoa vichwa vinavyobeba siri hizo usipoamua vinginevyo, lakini mwili wa ombi unabaki na majina, simu na namba za pasipoti za wageni. Ukilazimika kuituma, rekodi kwa akaunti ya majaribio na mgeni wa kubuni, kisha ufute kikao hicho kwenye seva.