Matrisi Yenye Mapengo na Kelele: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Kujaza namba zinazokosekana kwenye matrisi (jedwali la namba) ni kubahatisha tu.

Ukweli: Inategemea ranki, yaani idadi ya safu zisizoweza kuundwa kutokana na safu nyingine. Matrisi ya 1000 kwa 1000 ina namba 1,000,000, lakini ranki yake ikiwa 5, namba huru 9,975 zinatosha kuieleza yote. Chukua mfano mdogo: safu ya kwanza ni 2, 4, 6, ya pili ni 1, 2 na pengo. Ukijua ranki ni 1, pengo hilo ni 3, wala halina jibu jingine. Mwaka 2009 Emmanuel Candès na Benjamin Recht walithibitisha kwamba matrisi kubwa ya ranki ndogo huweza kurejeshwa kikamilifu kutokana na sehemu tu ya namba zake, zikiokotwa kwa nasibu. Sharti lao ndilo linalosahaulika: taarifa zisirundikane mahali pamoja. Matrisi iliyojaa sufuri, yenye namba moja tu isiyo sufuri, ina ranki 1. Usipoiona namba hiyo, hakuna algoritimu itakayokufichulia.

Dhana: Algoritimu ikizidi kurudia hatua zake, jibu huzidi kuwa safi.

Ukweli: Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Kila mzunguko huyasogeza makadirio karibu na data ulizonazo, na data hizo zina kelele, yaani makosa madogo ya nasibu. Ukiruhusu ranki kubwa kupita kiasi, mizunguko ya mwanzo hunasa muundo, ya baadaye hukariri kelele. Kosa unaloliona kwenye skrini linashuka huku jibu likiharibika! Ficha baadhi ya namba unazozijua, upime kosa kwa hizo kila mzunguko. Likianza kupanda, simama.

Dhana: Katika kuondoa kelele, thamani singula (namba zinazoonyesha uzito wa kila sehemu ya muundo wa matrisi) ipi ikatwe, ipi ibaki, huamuliwa kwa jicho.

Ukweli: Kwa matrisi kubwa ya mraba isiyo na mapengo, yenye kelele huru za mkengeuko sanifu (kipimo cha ukubwa wa kelele) unaojulikana, Matan Gavish na David Donoho walitoa kizingiti mwaka 2014: zidisha mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha n (idadi ya safu), kisha kwa 2.31 hivi. Kelele zikiwa na mkengeuko 1 na n ikiwa 1000, chochote kilicho chini ya takriban 73 kinatupwa.

Dhana: Kutafuta moja kwa moja vipengele viwili vya matrisi (matrisi mbili ndogo ambazo zikizidishwa huizaa) lazima kukwame kwenye mabonde ya uongo, yaani majibu yaliyo bora kuliko ya jirani lakini si bora kuliko yote.

Ukweli: Mwaka 2016 Rong Ge, Jason Lee na Tengyu Ma walionyesha kwamba, kwa matrisi linganifu chanya (aina maalumu ya matrisi za mraba) zinazotimiza masharti ya kawaida ya ujazaji, mabonde hayo hayapo.