Jinsi nyuki wanavyojifunza harufu, na namna ya kuwafundisha ua la alizeti

Mguse nyuki papasi zake, yaani zile pembe mbili nyembamba za kichwani anazonusia, kwa kijiti kilichochovywa maji ya sukari, atatoa ulimi papo hapo. Hilo amezaliwa nalo. Sasa anza na harufu: mpulizie hewa yenye harufu ya karafuu kwa sekunde nne, na kabla ya sekunde ya mwisho mguse papasi kwa sukari, kisha mwache alambe kwa sekunde tatu hivi. Pumzika dakika kumi, rudia. Ukifika mara ya tatu, nyuki wengi watatoa ulimi kwa karafuu tu, sukari ikiwa bado haijafika.

Jaribio la namna hii lilitangazwa na Mjapani Kimihisa Takeda mwaka 1961, na hadi leo ndilo linalotumika zaidi katika maabara za nyuki duniani. Nyuki hupozwa kwenye barafu mpaka alegee, akatiwa kwenye kibomba chembamba huku kichwa na papasi vikibaki nje, kisha ukanda mwembamba wa plasta humzuia nyuma ya shingo. Huachwa saa kadhaa apate njaa, kwa sababu nyuki aliyeshiba hana haja ya kujifunza. Makosa mawili huharibu kazi mara kwa mara. La kwanza ni kutokuwa na feni ya kuvuta hewa iliyotumika: karafuu ya mwanzo ikibaki chumbani, nyuki hajui tena harufu ilianza lini. La pili ni kupuliza upepo wakati wa harufu peke yake. Upepo safi lazima uvume muda wote, la sivyo nyuki atajifunza upepo na siyo karafuu.

Siri yote imo katika mpangilio. Harufu itangulie, sukari ifuate baada ya sekunde chache. Ukigeuza, sukari mbele na harufu nyuma, nyuki hataishika harufu hiyo kuwa dalili ya chakula. Na hivi ndivyo ilivyo shambani: nyuki hunusa ua kabla ulimi haujagusa mbochi, yale majimaji matamu ya ua.

Ndani ya kichwa chake njia ni hii. Kila papasi ina seli za neva za kunusa zipatazo 60,000. Zote humwaga habari kwenye vifundo vidogo kama 160 sehemu ya mbele ya ubongo, na kila harufu huwasha vifundo kadhaa kwa mchanganyiko wake, kama vidole kwenye kinanda. Ndiyo maana harufu zinazofanana kikemia humchanganya nyuki. Kutoka hapo habari hupanda hadi sehemu mbili zenye umbo la uyoga, na hapo ndipo harufu hukutana na habari ya sukari. Mwaka 1993 Martin Hammer, huko Berlin, alionyesha kwamba seli moja tu ya neva inatosha kubeba ujumbe wa sukari. Alimpa nyuki harufu, akaichochea seli hiyo kwa umeme bila kumpa sukari yoyote, na nyuki akajifunza. Ubongo mzima una seli zisizofikia milioni moja, na ujazo wake ni kama milimita moja ya ujazo. Inafaa kuustahi.

Kumbukumbu nayo ina daraja. Funzo la mara moja hufifia upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Mafunzo matatu yaliyoachana kwa dakika kumi hujenga kumbukumbu ya siku nyingi, na kwa nyuki mtafuta chakula, ambaye kazi hiyo huifanya wiki mbili au tatu kisha hufa, huo ni karibu umri wake wote uliobaki. Mafunzo hayohayo yakibanwa ndani ya dakika moja au mbili hayakai vizuri, kwa kuwa kumbukumbu ndefu huhitaji seli zitengeneze protini mpya, na kazi hiyo haina haraka. Kafeini huongeza nguvu: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya saa 24, kati ya nyuki waliolamba sukari yenye kafeini kidogo, kama iliyomo katika mbochi ya maua ya mbuni, walioikumbuka harufu walikuwa mara tatu ya wale wa sukari tupu.

Mfugaji afaidike vipi? Nyuki hawajifunzi mauani tu. Mtafuta chakula akirudi, huwagawia wenzake mbochi mdomo kwa mdomo, na harufu iliyomo hujifunzwa humohumo mzingani, gizani. Karl von Frisch, Mwaustria aliyepata Nobel mwaka 1973, alitumia jambo hilo kuwaelekeza nyuki kwenye mazao kwa shira iliyolowekwa maua. Nchini Argentina, Walter Farina na wenzake walilisha mizinga shira yenye mchanganyiko unaoiga harufu ya alizeti. Mwaka 2020 waliripoti mavuno ya mbegu kupanda kwa asilimia 29 hadi 57.

Ukitumia maua yenyewe badala ya mchanganyiko huo, fanya hivi. Subiri shamba lifikie kama asilimia kumi ya kuchanua. Ukitangulia, nyuki watatafuta ua ambalo halipo. Yeyusha kilo moja ya sukari nyeupe katika lita moja ya maji ya moto, uache ipoe kabisa, kwani joto hufukuza harufu. Chuma vichwa vilivyochanua asubuhi hiyo, ondoa majani na vikonyo vyote vya kijani, maana vina harufu yao, kisha zamisha maua kwa saa nne au tano na uchuje. Jioni, mpe kila mzinga nusu lita ndani ya mzinga, kwenye chombo chenye vijiti vya kukanyagia wasizame. Rudia jioni mbili zinazofuata. Usiiweke nje kamwe: utaalika nyuki wa jirani na kuanzisha uporaji. Shira iliyobaki hadi asubuhi itolewe kabla haijachacha. Wala usizidishe kipimo. Lengo ni kulifundisha kundi, siyo kulilisha, na sukari ya ziada itaishia kwenye asali yako.

Maua hayo yasiwe yamepuliziwa dawa. Imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, hata kwa kiasi kisichoua nyuki, huvuruga mawasiliano ya seli zilezile zinazohifadhi harufu. Nyuki hurudi mzima lakini hajifunzi vizuri, na mfugaji haoni maiti yoyote ya kumstua. Mwenye shamba akilazimika kupulizia dawa, afanye kabla ya kuchanua, na isiwe imidakloprid, kwani hiyo hupenya mmea hadi kwenye mbochi.

Siku ya tatu, simama kando ya mlango wa mzinga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Chavua ya alizeti ni ya manjano iliyokolea kuelekea chungwa. Hesabu nyuki hamsini wanaoingia na chavua, uone wangapi wamebeba rangi hiyo, ulinganishe na hesabu uliyofanya kabla ya kuanza. Isipopanda, angalia kwanza kama kuna mti mwingine karibu unaochanua kwa wingi. Mbochi yake ikiwa tamu zaidi, nyuki watalifuata ua hilo hata kama umewafundisha alizeti.